Radi Imekwisha

Mtu mwenye ndevu za kujaza kiganja, kifua kipana kama kabati na watoto wawili wanaosoma, halafu anaitwa Bibi! Si jambo dogo, lakini yeye alikwisha kulizoea. Kwenye jengo la maduka ya simu alikokuwa na meza yake ya ufundi, wateja walimwita Fundi Bibi bila kujua sababu. Siku moja mama mmoja alifika na simu iliyozama kwenye ndoo ya maji, akaulizia "yule fundi mwanamke, nimeambiwa ana mkono mwepesi." Alipoonyeshwa ndevu aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Fundi alicheka, akaifungua simu, na kabla mama hajamaliza kujipepea ikawa inawaka.

Jina hilo lilitoka kwenye gemu. Zamani, kabla hajaoa, yeye na rafiki zake waliingiwa na wazimu wa gemu moja la kupigana ambalo jina lake la kwenye kasha hakuna aliyejisumbua kulitamka sawasawa. Waliliita Radi, kwa sababu kila pambano lilianza kwa radi kupasua skrini katikati. Lilikuwa na wapiganaji wa kila aina, wengi wao vijana wenye misuli iliyovimba na nywele ambazo hakuna kinyozi angekubali kuzigusa. Chini kabisa pembeni, mahali ambapo mtu alifika kwa kubonyeza vibaya, alikuwapo bibi kizee mwenye mkongojo. Mwendo wake wa pole, mapigo yake hafifu, na akipigwa analalamika. Hakuna aliyemtaka. Fundi, ambaye ni mbishi wa kuzaliwa, akamchukua huyo huyo.

Ndipo akaigundua siri yake. Adui akiruka, katika ule muda mfupi mno kabla unyayo wake haujagusa ardhi, ukibonyeza nyuma, chini, mbele, kisha vitufe viwili kwa pamoja, bibi anamnasa mguu kwa mkongojo, anambinua, anamlaza chali, halafu anamkalia na kujipangusa jasho kwa leso. Pigo hilo waliliita Kiti. Ukichelewa kidogo unapigwa, ukiwahi kidogo unapigwa vilevile. Wenzake wote walijaribu wakaacha. Yeye alikitoa Kiti huku anaongea na simu, huku anatafuna, huku anamjibu mtu kuhusu mambo mengine kabisa. Na mtu ukikaliwa na bibi kizee mbele ya wenzako unabaki huna la kusema, ilhali wenzako wana mengi sana ya kusema.

Wako watakaoona haya ni mambo ya kitoto. Waone. Wapo watu wazima wanaogombana kwa sababu ya mpira ambao hawajawahi kuugusa, na hakuna anayewaambia wakue.

Miaka ikaenda. Radi ya kwanza ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyowatia kichaa kabisa. Waundaji wake hawakujua kupumzika mpaka wakafika ya nane. Marafiki nao wakaoa, wakahama, wakaota vitambi. Waliobaki walikuwa watatu, na walikutana sebuleni kwa Fundi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mmoja ni Fundi mwenyewe. Wa pili ni Mpaka Rangi, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu na kipaji chake ni kusema. Wa tatu ni shemeji, mdogo wake mke wa Fundi, muuguzi kwenye wodi ya wanaume, mtu mtulivu mwenye vidole virefu, ambaye tangu ajue kuongea hajawahi kukubali kushindwa hoja. Dada yake alisema hata alipokuwa mdogo, ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kwanza ndipo akujibu, na akijibu anasema hiyo si mvua, ni manyunyu.

Sebule ile ilikuwa na sheria yake. Mtu akishindwa, ruhusa kulaumu chochote: jua la dirishani, kelele za watoto, shibe. Lakini akithubutu kusema pedi yake, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ni mbovu, papo hapo anabadilishana pedi na aliyemshinda, wanacheza tena. Akishindwa tena, anafunga mdomo mpaka Jumapili nyingine. Mpaka Rangi alikwisha kuitumikia adhabu hiyo mara nyingi, akikaa nyuma yao amenuna kama mtoto aliyenyimwa kitu, anakunywa chai kwa hasira.

Radi ya Nane ilipokuja, Kiti kilikataa kutoka.

Mwanzoni Fundi alidhani ni ugeni wa gemu. Alijaribu Jumapili ya kwanza, akakatwa na shoka. Akajaribu ya pili, akakatwa. Shemeji, ambaye siku zote alimtumia yule mpiganaji mwenye shoka, alianza kumshinda mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wafahamiane.

"Gemu limekwisha hili," Fundi alisema, akaitupa pedi kwenye kochi. "Wameliharibu. Vitufe vinachelewa. Mimi nabonyeza leo, bibi anasikia kesho."

"Mbona kwangu havichelewi?" shemeji aliuliza.

"Wewe unatumia mwenye shoka. Mwenye shoka hata akisikia kesho kutwa, bado atakata kitu."

Mpaka Rangi alicheka mpaka chai ikampalia. Fundi hakucheka. Alianza kuhesabu makosa ya Radi ya Nane moja baada ya jingine: kwamba siku hizi mpiganaji mzuri anauzwa peke yake, kwamba rangi zimekuwa nyingi hadi huoni nani kampiga nani, kwamba kuna kitufe kimoja ambacho mtu asiyejua lolote anakikandamiza tu na kupata mapigo mfululizo kama bingwa. Radi, alisema, ilianza kuporomoka baada ya ile ya tatu, na sasa imefika chini.

"Shemeji, hapo siwezi kukubali," muuguzi alisema. "Hii ndiyo bora kuliko zote. Wanaocheza wameongezeka, mapigo yamepangwa vizuri, na yule bibi wako wamemwongezea hata nguvu."

"Wamemwongezea nguvu wapi?"

"Mkongojo unafika mbali zaidi. Nimejaribu mwenyewe."

"Na Kiti? Kiti umekijaribu?"

Shemeji aliiokota pedi kutoka kwenye kochi. "Kinatoka," alisema.

Ubishi huo ukawa wa kila Jumapili. Mke wa Fundi alipita na sahani akawauliza kama wanalipwa kwa kubishana. Mpaka Rangi aliegemea upande huu wiki hii na upande ule wiki ijayo, ilimradi maneno yasiishe. Fundi, hata hivyo, alibishana kufa na kupona. Sauti ilimpanda, mshipa wa shingo ukasimama, kana kwamba aliyetukanwa ni mama yake mzazi. Wenzake walidhani anaipenda Radi kupita kiasi. Hawakujua kwamba anaogopa.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mzuri. Siku moja mzee alianza kulalamika kwamba nyuzi za siku hizi zimeoza. Alibadilisha muuza nyuzi. Kisha akasema ni sindano, wanazitoboa tundu dogo makusudi. Alibadilisha sindano. Mwisho akaituhumu cherehani yenyewe, ile aliyowashonea nguo nusu ya mtaa, akaiuza akanunua nyingine, na hiyo nyingine nayo akaiona mbovu. Mama alikuwa anamtungia uzi. Madaktari walipobanwa walisema ni ugonjwa wa kutetemeka, na haurudi nyuma. Vidonge walitoa, na ugonjwa haukurudi nyuma. Mzee alimaliza miaka yake akiwa amekaa sebuleni, mikono mapajani, inatetemeka peke yake, anashindwa hata kijiko, na mpaka mwisho kabisa alikuwa anasema nyuzi za siku hizi hazifai.

Na Fundi, pale mezani kwake, alikuwa ameanza kusema kwamba risasi ya kuchomelea ya siku hizi haishiki. Tundu la chaji, kazi ambayo zamani aliimaliza wakati mteja anasimulia jinsi lilivyoharibika, sasa lilimchukua asubuhi nzima. Tone la risasi lilitua pembeni ya pale alipolitaka. Skrubu ilimponyoka kwenye kibano ikapotea sakafuni, naye akapiga magoti kuitafuta huku wateja wakitazama saa zao. Alihama kwa muuza risasi mmoja hadi mwingine. Siku aliyojisikia akisema "vifaa vya siku hizi", kwa sauti ile ile, na kile kimguno cha mzee mwishoni, aliweka chini chuma cha kuchomelea, akamwambia mteja arudi kesho.

Kwa hiyo ilikuwa lazima Radi iwe imekwisha. Kama gemu ndilo lililoharibika, mkono wake mzima. Kama gemu halina kosa, basi yeye ndiye. Hakuwa na njia ya tatu, na alijua hana.

Akaamua kutafuta ushahidi. Stoo, chini ya magodoro ya zamani, kulikuwa na ile mashine kuukuu waliyochezea Radi ya Tatu, imekufa miaka mingi. Ile haikuwa na ujanja wa siku hizi. Ukibonyeza inasikia, usipobonyeza haisikii. Akiifufua, akamchagua bibi, akatoa Kiti mbele ya wote, ubishi umekwisha na hofu imekwisha. Aliona wazo hilo ni zuri ajabu, akatembea nalo siku nzima akitabasamu kama mtu aliyepata kazi mpya.

Kuifufua kukamtoa jasho. Kazi ya asubuhi moja ilikula wiki. Alifanyia nyumbani ili asionekane, kiganja amekibana kwenye ukingo wa meza kisicheze, mdomo ameuuma. Mke wake alimshikia tochi. Alibadilisha waya, akasafisha kila kiungo, kisha akazifungua pedi zote mbili na kuweka raba mpya chini ya kila kitufe, moja moja. Raba moja ilimdondoka mara nyingi hadi mkewe akaichukua na kuiweka yeye, taratibu, kama anamfunga mtoto kifungo.

"Baba watoto," alisema, "kwa nini usimwonyeshe mdogo wangu huu mkono?"

"Mkono una nini?"

"Sijasema una kitu. Nasema umwonyeshe."

"Wewe shika tochi vizuri. Ni mwanga huu ndio unaonisumbua."

Mkewe akaisogeza tochi, ingawa mwanga ulikuwa wa kutosha tangu mwanzo.

Jumapili ikafika. Mpaka Rangi alipoiona mashine kuukuu imeunganishwa alipiga ukelele, akaikumbatia, akaibusu kifuniko. Radi ikapasua skrini katikati, ule muziki wa zamani ukalia, na kwa kitambo wote watatu wakawa vijana tena, wanasukumana kwenye kochi moja. Fundi alisimama mbele yao kama wakili.

"Leo tunamaliza maneno," alisema. "Hii ni ya tatu. Haina hila. Nikitoa Kiti hapa, shemeji, utakubali kwa mdomo wako kwamba Radi imekwisha."

"Na usipotoa?" shemeji aliuliza kwa utani.

"Nitatoa."

Walikaa. Fundi akamteremkia bibi yake kule chini pembeni, shemeji akachukua shoka. Pambano likaanza, na shemeji, ambaye alikuja kubishana kweli, akaruka mapema kama kawaida yake. Fundi aliuona mguu ukishuka. Macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Aliuona vizuri, akaujua wakati wake kama anavyolijua jina lake. Nyuma, chini, mbele. Kidole gumba kilienda. Vile vingine viwili havikufika pamoja. Kimoja kilitangulia, kingine kikabaki nyuma, kikafika baadaye kwa mtetemo. Shoka likashuka.

Akajaribu tena. Shoka likashuka. Akajaribu mara nyingine, na safari hii alitazama, si adui, bali bibi. Bibi alikuwa anafanya kila alichoambiwa, bila kuchelewa hata kidogo. Aliinama alipoambiwa inama. Alichoma mkongojo mara moja pale kidole cha kwanza kilipobonyeza, akainua mguu pale cha pili kilipofika. Alikuwa mtiifu kama zamani. Aliyekuwa anampa maagizo ndiye aliyekuwa na kigugumizi.

Bibi akaanguka chali, akalalamika.

Mpaka Rangi alimtazama Fundi, akautazama mkono uliokuwa unacheza juu ya pedi ingawa pambano limekwisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa neno. Alipolipata, lilikuwa la haraka mno.

"Pedi hiyo! Imekaa stoo miaka yote, panya wamelala humo. Badilishaneni, sheria ni sheria."

"Naam, badilisha," shemeji alisema, na kabla Fundi hajajibu pedi ilikwisha kuchukuliwa mkononi mwake na nyingine imewekwa. Kubadilishana huko kulifanywa kwa upole. Vidole virefu vya muuguzi vilikaa kwa muda juu ya kiganja cha Fundi, vikakibana kidogo, kama vinavyofanya kazini, kisha vikaondoka.

Walicheza tena. Mwenye shoka akaruka. Akaruka tena mahali pale pale, kimo kile kile, shoka limelegea ubavuni. Mtu aliyecheza Radi tangu ya kwanza haruki hivyo. Shemeji alikuwa anamletea mguu. Anauleta, anangoja, anauleta tena, jinsi mtu anavyomsogezea mgonjwa kikombe mdomoni. Fundi alibonyeza, akabonyeza, jasho linamtoka, na Kiti hakikutoka. Alitamani kumwambia aache. Alitamani zaidi safari inayofuata vidole vifike pamoja, ndiyo sababu hakusema.

Kisha mwenye shoka akaacha hata kujikinga. Bibi akamchoma mkongojo, akamchoma, akamchoma, vipigo vile hafifu ambavyo mtoto wa chekechea angevikwepa, mpaka akaanguka. Mpaka Rangi akaruka juu akishangilia kuliko siku yoyote. "Bibi! Bibi huyo! Mmeona? Pedi ilikuwa mbovu!" Mlangoni mke wa Fundi, ambaye miaka yote hajawahi hata kuuliza nani kashinda, alikuwa anapiga makofi, macho yamemjaa maji.

Fundi aliichukua ile pedi iliyoitwa mbovu kutoka mapajani mwa shemeji. Akabonyeza kitufe kimoja kimoja. Kila kimoja kilizama na kurudi, laini, kizima. Raba alizifunga yeye mwenyewe, isipokuwa ile moja aliyoifunga mkewe. Akairudisha polepole.

Alibaki na kitu kimoja tu cha kushikilia, ule ubishi wao. Huyu shemeji angembishia hata malaika. Angemwambia sasa hivi, kwa ile sauti yake tulivu ya kuudhi, kwamba Kiti hakikutoka hata kwenye Radi ya Tatu, kwa hiyo hoja imeanguka, kwa hiyo gemu halina kosa. Angemcheka. Wangegombana mpaka jioni. Mtu hagombani hivyo na mgonjwa.

"Haya, sema," Fundi alimwambia, akajitahidi kutabasamu. "Najua unalo. Utaniambia Radi ya Nane ndiyo bora kuliko zote."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, anaviringisha waya wa pedi mkononi kwa uangalifu, duara baada ya duara.

"Hapana, shemeji," alisema. "Nimefikiri sana. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Vitufe vinachelewa, wameliharibu. Radi imekwisha."

Fundi Bibi akasubiri acheke, au aongeze walau "lakini" moja. Shemeji akaendelea kuviringisha waya.